Memsahibu wa Mpakani

Usimsifie Ciakuthii lile ua. Nakuonya mapema. Msifie mahindi yake, msifie mbuzi, hata wale wajukuu wake wasiosikia la mtu, naye atacheka na kukukorogea uji. Lakini ukisimama kando ya barabara ile inayoshuka kutoka Embu kwenda Gachoka, ukaona kichaka chenye vishada vya maua, njano katikati na waridi pembeni, ukasema "tazama uzuri huo," atatema mate na kukuacha hapo hapo umeduwaa. Watu husema ni mwanamke mkali. Ni mkali, sikatai. Ila nikikueleza ukali huo aliutoa wapi, utanyamaza.

Mumewe, Kathuri, alikuwa mtunza bustani kwa mzungu mmoja mjini Embu. Hiyo ni mwaka wa hamsini na moja, kabla ya Hali ya Hatari. Mke wa yule mzungu alikuwa na uzio wa maua hayo kuizunguka nyumba yote, ameyaleta mwenyewe kutoka mbali, na kazi ya Kathuri ilikuwa kuyakata yakae sawa kama meza. Kathuri aliyapenda. Alikuwa mtu wa maringo kidogo, maringo ya kuchekesha, anavaa kofia hata akienda kuteka maji. Jioni akirudi nyumbani anamsimulia mkewe habari za maua hadi chakula kinapoa.

Sasa shamba lake lilipakana upande wa chini na la Mbogo, ndugu yake wa baba mmoja lakini mama mwingine. Zamani mpaka kati yao ulikuwa wa matoka, yale majani mapana yenye kitunguu ardhini, ambayo wazee wa huku hupanda wakigawa ardhi. Itoka halikuguswa na mtu. Wazee walikuwa wamechinja kondoo dume, wamenyunyiza taka za tumbo lake kwenye mstari, wamesema maneno juu ya atakayeling'oa, na maneno yale hayakuwa ya mchezo. Hata mlevi akianguka mpakani alijikwamua kwa adabu.

Lakini nungu hajui viapo. Ukame wa mwaka ule nungu walikuja wakachimba vitunguu vyote wakavila, mpaka ukabaki mtupu. Wazee wakaitwa wapande upya. Kathuri akafika na vijiti sita amevifunga kwenye gunia bichi.

"Wazee wangu," akasema, "tukipanda matoka nungu atarudi. Huu hauli. Hata mbuzi wa hapa anaukwepa. Na tazameni maua yake."

Wazee wakanusa jani, wakakunja pua, wakacheka. Mzee Rwamba, aliyekuwa akiongoza shughuli, akauliza jina la mti. Kathuri hakulijua. Mmoja akasema basi uitwe memsahibu, kama yule mke wa mzungu, na wote wakaangua kicheko, Mbogo naye akicheka. Kondoo akachinjwa, taka zikanyunyizwa, maneno yakasemwa juu ya vile vijiti sita. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa mchana kweupe na watu wenye akili zao timamu. Waliliapia gugu.

Ciakuthii alilitazama kosa hilo akiwa amebeba Igoki, binti yao, mgongoni, na aliona ni jambo zuri. Anakiri mwenyewe. Vijiti viliposhika na kutoa maua ya kwanza, alichuma kishada akakiweka sikioni mwa mtoto.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka wa hamsini na nne askari walimchukua Kathuri kazini, mkononi bado ana makasi ya kukatia. Yule memsahibu mwenyewe aliulizwa kama mtumishi wake ni mtu mwema. Akasema hawezi kujua, hawa watu hawajulikani. Kathuri akapelekwa kwenye kambi ya kizuizini ya Manyani. Nyumba zao zikachomwa, zake na za jirani, na watu wote wakahamishiwa kijiji kimoja chenye handaki pande zote na vijiti vilivyochongwa ncha vikitazama juu. Mbogo alikuwa ameingia askari wa kijijini, homgadi, akapewa koti la khaki na bunduki. Ndiye aliyekuwa akipuliza filimbi asubuhi kuwaita wanawake kwenye kazi ya lazima. Ciakuthii alimwita shemeji. Mbogo aliendelea kumwita mama Igoki, kwa sauti ile ile ya zamani, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Geti la kijiji lilifunguliwa saa nne, likafungwa saa nane. Ndani ya muda huo ulime, uteke maji, utafute kuni, urudi. Kuna miezi halikufunguliwa kabisa. Mashamba yakalala, na memsahibu akaamka. Ndege walikula matunda yake meusi wakaenda kuyaangusha chini ya kila mti. Mche mmoja ukawa kumi, kumi ikawa ukuta usiopitika, matawi yana miiba midogo inayokwaruza kama ulimi wa paka. Na kila ulipoota ulipanda juu, kuelekea kwa Ciakuthii. Si kwamba ulimchagua. Ni kwamba upande wa chini Mbogo aliwapeleka wanawake wa kazi ya lazima kila mwezi kumfyekea, bure, na Ciakuthii mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Alifyeka shamba la Mbogo huku akitazama lake likimezwa juu yake.

Aliyemfungua macho ni mbuzi. Mwaka wa hamsini na saba kaka yake wa Ishiara alimletea mbuzi wawili jike. Mbuzi wa kule Ishiara hawakuwa wameujua mti huo, wakaula. Siku ya tatu macho yao yaligeuka manjano. Masikio yakavimba, ngozi ya pua ikababuka, wakawa wanakimbia jua na kujibana kwenye kivuli cha ukuta, hawali, hawanywi. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na Igoki alilia siku mbili. Ciakuthii alienda shambani akasimama mbele ya ule ukuta wa maua. Kutoka pale kilipopandwa kuwa mpaka wa ndugu wawili, kichaka sasa kilikuwa kimepanda hatua arobaini ndani ya shamba lake, na kimekalia sehemu ya chini yote, ile yenye unyevu, ya migomba na nduma. Juu kulibaki mawe.

Mwezi ule ule ikatangazwa kwamba kamati ya ardhi itapita kupima mashamba yote na kuweka vigingi vya serikali. Kila mtu aonyeshe mpaka wake. Mbogo alimkuta kisimani akamwambia kwa utaratibu, "Mama Igoki, mpaka wetu si ni memsahibu? Basi watapima memsahibu alipoishia."

"Alipoishia, ama alipopandwa, shemeji?"

"Wewe ulikuwepo wakipanda? Mwanamke hakai kwenye mambo ya mpaka."

Alikuwepo, na Mbogo alijua. Lakini alikuwa amesema kweli kwenye jambo moja: neno la mwanamke halikuwa na pa kukaa.

Akamwendea mzee Rwamba. Mzee alikuwa kwenye kibanda chake kijijini, anakohoa, amejifunika gunia. Wazee wenzake wawili walikuwa wamefariki, mmoja kizuizini na mmoja kwa homa ya kijijini.

"Baba, kiapo kilishika miti mingapi?"

"Sita."

"Na hii mingine?"

Mzee akatazama mlangoni kwanza. "Hii mingine imepandwa na ndege. Ndege hakuchinja kondoo."

"Basi naweza kuing'oa?"

"Ng'oa. Ila ile sita usiiguse hata jani, na usiseme ni mimi nimekuambia." Akakohoa tena. "Tulikuwa wajinga, mwanangu. Tulicheka sana siku ile."

Basi akaanza. Rafiki yake Nelius, mjane wa kibanda cha pili, alikuja kumsaidia kwa malipo ya kusaidiwa naye siku nyingine. Siku ya kwanza Nelius alijituma akang'oa kichaka kizima kumbe siyo chenyewe.

"Wee Nelius! Huo ni wetu wa porini, ule watoto wanakula matunda yake!"

"Si yote ni maua tu?"

"Hesabu majani. Wetu una majani matatu kwenye kifundo kimoja, matunda yake ya zambarau na ni matamu. Huyu memsahibu ana mawili mawili, yakitazamana, na shina lina miiba. Kisha sugua unuse." Nelius akasugua, akanusa, akatupa. "Mungu wangu, kama mkojo wa paka." Hapo wakacheka, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Walifyeka kwa panga wiki nzima, wakafurahi kuona mwanga, na mvua ya kwanza ikarudisha kila kisiki na machipukizi saba. Kufyeka ni kumwita aje na ndugu zake. Wakajifunza kuchimba, jembe liingie chini ya pale shina linapokutana na mizizi, litoke lote. Wakarundika visiki chini. Kuchoma hawakuruhusiwa, kwa sababu moshi shambani ulihesabiwa ni ishara kwa watu wa msituni, na mwanamke mmoja wa upande wa pili alipigwa nusura afe kwa moshi wa majani ya viazi. Visiki vile vilivyorundikwa vikashika udongo vikaota tena, rundo zima likawa kichaka kipya. Ciakuthii aliketi chini akalia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa hasira kabisa. Kesho yake akarudi. Safari hii kila kisiki walikiweka juu ya jiwe, mizizi ikitazama jua, hadi kikakauka kama kuni. Mawe alikuwa nayo, Mungu ashukuriwe, mawe hayakumpungukia. Na miche iliyotoka kwenye mbegu waliirudia kila baada ya mvua, wakiing'oa kwa vidole ikiwa bado laini.

Miezi kumi. Saa mbili hapa, saa moja pale, kati ya geti na filimbi. Viganja vyake vilipasuka vikawa haviwezi kushika sindano. Mzee Rwamba alifariki kwenye baridi ya Julai kabla ya kuona kazi ile imekwisha, na kwa kifo chake mashahidi wa kiapo wakabaki Mbogo, na Kathuri huko Manyani.

Kisha siku moja, hatua arobaini chini, jembe lake likagonga shina nene kama kifundo cha mkono. Akasafisha majani kwa vidole. Hatua chache pembeni, jingine. Na jingine. Miti sita, imesimama mstari ulionyooka, na katikati ya vichaka vyote vya rangi mchanganyiko hii ndiyo ilikuwa na maua ya rangi ile ile ya uzio wa memsahibu. Hakuligusa jani hata moja. Alirudi nyuma akaitazama. Shamba lake lilikuwa limerudi.

Na kama vile Mungu alikuwa amepanga, Kathuri akaachiliwa mwezi ule ule. Alirudi bila meno mawili ya mbele na bila kofia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, na kila alipopita mtu mwenye viatu vya askari alisimama wima. Igoki, sasa msichana wa miaka minane, alimwogopa. Kathuri hakusimulia kitu. Ukimuuliza kama anataka chai, anasema ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Ciakuthii alijiambia ni uchovu, atapona akila.

Alimpeleka shambani. Kathuri alitembea polepole katikati ya migomba iliyoanza kupumua, akafika kwenye ile sita, akainama. Alishika shina la kwanza kwa mikono miwili.

"Hii ni yangu," akasema. Akaenda kwa la pili. "Na hii. Hii niliikata mshazari, ona. Na hii." Macho yake yalimeremeta, akamgeukia mkewe. "Mama Igoki, umefanya haya yote wewe?"

"Nani mwingine, baba Igoki? Nungu?"

Akacheka. Alicheka kwa kinywa kile chenye pengo, na Ciakuthii akamwona yule mtu wa kofia kwa dakika moja nzima. Usiku huo alilala usingizi. Alikuwa na mpaka, na alikuwa na mtu wa kuusema.

Kamati ilikuja siku ya Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa na kitabu na kaptura iliyopigwa pasi, nyuma yake wazee wanne ambao hakuna aliyekuwepo siku ya kondoo, na kijana mwenye mnyororo wa kupimia. Mbogo alifika na koti la khaki na bunduki begani, ingawa kufikia mwaka huo wa hamsini na nane hakukuwa tena na mtu wa kupigwa risasi. Alisimama hatua moja kutoka kwa ndugu yake.

"Huyu ametoka Manyani?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, bwana," Kathuri akajibu mwenyewe, akasimama wima, mikono imenyooka mapajani.

"Sikiliza. Ndugu yako anasema mpaka ulikuwa huko juu kwenye mawe, kichaka kilipoishia, na mke wako amekiharibu. Mpaka ni huko juu?"

Kathuri alitazama viatu vya Mbogo. "Ndiyo, bwana."

Ciakuthii akapaza sauti. "Baba Igoki! Sema! Waonyeshe ile sita!"

"Nani amemwita huyu mama?" mwenyekiti akasema, lakini hakuwa mtu mbaya sana, akauliza tena. "Kathuri, ama mpaka ni hapa chini, kwenye hii miti?"

"Ndiyo, bwana."

Kijana wa mnyororo akacheka puani. Mzee mmoja akaangalia pembeni. Mwenyekiti akafunga kalamu, akaifungua, akasema hawezi kuandika ndiyo mbili, ataandika ile ya kwanza. Ciakuthii alikimbilia miti ile akaanza kuonyesha, shina nene hili, mstari huu, mkato mshazari huu, tazameni bwana, mti wa ndege hauoti mstari. Walimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya mabati. Kigingi kilipigiliwa huko juu, kwenye mawe. Kathuri alibaki amesimama wima hadi mwisho, hakuna aliyemwambia aketi, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

Ciakuthii hakumpigia kelele njiani. Watu huniuliza hilo, kwa nini hakumpigia kelele. Alimshika mkono akamwongoza kijijini kama mtu anayemwongoza kipofu.

Jumatatu filimbi ikalia. Mbogo aliwapeleka wanawake ishirini kwenye shamba lake jipya, akawasimamisha mbele ya ile miti sita. Ciakuthii alikuwa wa tatu kwenye mstari. Wanawake wengine walishika panga, na yeye akashika panga, moyoni akisema: kateni tu, kateni juu juu, itachipuka hapo hapo mvua ikinyesha, na siku moja atakuja mtu mwenye masikio.

"Weka hiyo panga, mama Igoki," Mbogo akasema. "Chukua jembe. Kazi yako naijua, nimeiona miezi kumi. Hii ng'oa wewe, na mizizi yake, kama ulivyong'oa kwako."

Nelius alinyoosha mkono apokee jembe badala yake. Mbogo akatikisa kichwa.

"Shemeji, kuna kiapo juu ya miti hii. Ulikuwepo."

"Kiapo kilikuwa cha mpaka. Mpaka ni huko juu sasa, serikali imeandika."

Alichimba. Hakujua namna nyingine ya kuchimba isipokuwa ile aliyojifunza, jembe chini ya pale shina linapokutana na mizizi, kisha kuvuta hadi yote itoke. Alilia, na asikudanganye mtu kwamba alikaza moyo. Alilia kwa sauti mbele ya wanawake wote, makamasi na machozi, huku mikono ikifanya kazi safi kabisa, na wanawake wakasimama na panga zao. Shina la kwanza, la pili, la tatu. La sita lilikuwa na mzizi mrefu uliopita chini ya jiwe, naye akapiga magoti akaufuata kwa vidole hadi ncha, asiache hata uzi mmoja ardhini.